Biolojia pamoja na Ualimu chuoni: je, sayansi itapungua?

Mwana wa Likoni

Asalaam aleikum wakubwa zangu na wenzangu. Nimemaliza kidato cha nne nikapata B katika biolojia na B- katika kemia. Baba angependa niombe Shahada ya Ualimu wa Sayansi, ambayo kwa miaka minne ningesoma masomo hayo mawili pamoja na taaluma ya elimu, kisha nitoke nikiwa na sifa za kusajiliwa na Tume ya Huduma za Walimu. Ami yangu naye anashikilia kwamba nisome Shahada ya Sayansi katika biolojia tupu na ualimu niuache hadi baadaye, kwa sababu anaamini anayechanganya hutoka akiwa nusu mwanabiolojia na nusu mwalimu. Napenda kufundisha, lakini utafiti pia unanivuta. Naomba kusikia kutoka kwa waliopitia njia hizi, hasa kuhusu yale yanayosomwa, kwani habari za ajira nimeshaelezwa hadi nikachoka.

Bahari Hai

Ami yako hakukosea kabisa. Mimi nilisoma biolojia tupu na sasa kazi yangu ni kuchunguza samaki wa miamba hapa Pwani. Tulipata nafasi ya kuzama katika jenetiki, ikolojia na takwimu, na mwaka wa mwisho kila mmoja alikuwa na mradi wake wa utafiti, ilhali wenzetu wa ualimu waligawa saa zao kati ya biolojia, kemia, saikolojia ya elimu, mitaala na mazoezi ya kufundisha. Sisemi kwamba walifundishwa biolojia nyepesi, maana mara nyingi tuliketi ukumbi mmoja na kufanya mtihani mmoja; walichukua kozi chache zaidi, basi.

Jambo moja ami yako huenda hakulitaja. Mwenye Shahada ya Sayansi anaweza kuongeza Stashahada ya Uzamili ya Elimu, lakini Tume itamtaka awe na masomo mawili ya kufundisha, tena yote mawili awe amepata angalau C+ kidato cha nne. Ukifuata njia hiyo, usiiache kemia njiani.

Mwalimu wa Kisauni

Waaleikum salaam, mwanangu. Huo usemi wa nusu kwa nusu niliusikia tangu nikiwa chuoni, na husemwa zaidi na wanaodhani kwamba kozi za elimu ni maneno ya kujazia ratiba. Baadhi ni hivyo kweli, nisikufiche. Historia ya elimu niliisoma ili nifaulu tu. Lakini kozi ya mbinu za kufundisha biolojia ndiyo iliyonilazimisha kuielewa biolojia yenyewe.

Chukua upumuaji wa mimea. Kila nikianza mada hiyo huwakuta wanafunzi wanaoamini kwamba mmea hufanya usanisinuru mchana na kupumua usiku peke yake. Ukiwaambia wamekosea, watanakili sentensi sahihi daftarini na kubaki na imani yao. Inakubidi ujue imani hiyo imetoka wapi: mchana, mwanga ukiwa wa kutosha, jani hutengeneza oksijeni nyingi kuliko ile linayoitumia, kwa hivyo upumuaji wake hufichika, nayo michoro mingi ya ubaoni huweka mshale mmoja chini ya jua na mwingine chini ya mwezi. Mimi huwapeleka kwenye hori ya Tudor maji yakishakupwa, tukaitazama mizizi ya mchu, ambao ni aina ya mkoko, iliyochomoza juu ya tope. Tope lile lililoshiba maji lina oksijeni kidogo mno, na mizizi hiyo huivuta hewa kwa vitundu vya ganda lake na kuifikisha kwenye sehemu zilizozikwa. Mwanafunzi akishauliza mizizi isiyo na kijani inahitaji oksijeni ya nini, tena saa nne asubuhi, mimi hunyamaza, kwa sababu wenzake wataanza kumjibu.

Ulipo upungufu ni katika utafiti, hapo namkubali Bahari Hai. Hata hivyo ziko programu za uzamili wa biolojia zinazowapokea wenye shahada ya ualimu waliofaulu vizuri, ingawa nyingine huwataka waongeze kozi kadhaa kwanza. Usikubali tu kumaliza miaka minne bila kuandika ripoti yako mwenyewe ya uchunguzi wa nyanjani. Gazi haiko mbali, na wanakijiji wa huko wanalinda mikoko yao kupitia mradi wa kaboni, yaani wa kulipwa kwa hewa ya ukaa ambayo mikoko hiyo huihifadhi, na mwanafunzi anaweza kujifunza mengi kwao.

Mwana wa Likoni

Nawashukuru sana. Mwalimu, je, somo la pili libaki kemia, au jiografia ingefaa zaidi kwa mtu anayependa ikolojia?

Mwalimu wa Kisauni

Kemia, mwanangu. Vimeng'enya, usanisinuru na upumuaji vyote ni kemia iliyovaa nguo nyingine, na ikolojia ya bahari haiendi mbali bila chumvi, oksijeni na asidi. Jiografia utaisoma kwa mapenzi yako. Na kabla ya kujaza fomu, kiulize kila chuo unachokifikiria, hata Pwani hapo Kilifi, wanafunzi wa ualimu huingia maabara mara ngapi kwa wiki na kama hadubini zinawatosha. Karatasi ya tatu ya biolojia kidato cha nne ni ya vitendo, na wewe ndiye utakayewaandaa watahiniwa.

Bahari Hai

Uliza pia kama wanaruhusiwa kufanya mradi wa utafiti mwaka wa nne. Jibu likiwa ndiyo, mimi mwenyewe ningemuunga mkono baba yako.