Tupeane uzoefu: ratiba ya kufundisha watoto wa rika tofauti nyumbani

Mwangaluka wapendwa. Niko Buswelu, hapa Mwanza, na tangu Januari nafundisha wanangu watatu hapa nyumbani: binti wa miaka 11, kijana wa miaka 8 na kitindamimba wa miaka 4. Huyu wa kati ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Mwaka jana siku alizokosa shule zilizidi alizohudhuria, ndipo mimi na baba yao tukaamua wote wasomee nyumbani. Kusoma wanasoma. Ratiba ndiyo imenishinda. Niliibandika ukutani, kila mtoto na safu yake, kila nusu saa na somo lake, na haikumaliza wiki. Nikikaa na dada mtu kwenye hesabu za sehemu, mdogo anamwaga unga. Nikimaliza kuzoa unga, wa kati anasema mguu unamuuma. Saa nne inafika hakuna aliyemaliza ukurasa. Mnaofundisha zaidi ya mmoja, hata kama ni likizo tu, siku yenu inakwendaje? Nielezeni ilivyo kwenu hasa.

Baba wa wanne, Nyegezi

Dada pole, na hongera kwa kuthubutu. Mimi nilijifunza 2020. Shule zilifungwa Machi 17 kwa sababu ya korona, na za msingi zikafunguliwa Juni 29. Miezi mitatu na ushee nina wanne sebuleni. Mwanzo nilijaribu kila mtoto asome kama darasa lake, na kwa mtindo huo nilihitaji walimu wanne.

Kilichonisaidia ni kuanza na mdogo kabisa. Robo saa yake ya kwanza haina mpinzani: tunahesabu kokoto, tunaimba herufi, yuko mapajani. Akishatosheka, anacheza peke yake muda mrefu kuliko ukimwambia "subiri" tangu asubuhi. Wakati huo wakubwa wana marudio ya jana, kitu wanachokiweza bila mimi. Kisha namchukua wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) dakika ishirini, halafu anayefuata. Mkubwa nilimweka mwisho, mdogo akiwa amelala. Kanuni yangu ilikuwa moja: watoto wawili wasikutane na somo jipya kwa wakati mmoja.

Mama wa Igombe

Mimi nakausha dagaa, hivyo ratiba yangu inapangwa na mwezi. Wasiokaa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, niwaeleze: dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na usiku wa giza ndio wanaokusanyika vizuri kwenye mwanga. Mbalamwezi ikiwa kali, mitumbwi inapumzika. Siku za giza natoka alfajiri kupokea mzigo na kuanika, nageuza, naanua kabla ya mvua. Ukiniambia saa mbili kamili nifundishe sayansi, sayansi hiyo haitasomwa.

Wanangu wanasoma shule, lakini likizo ya Juni na ya Desemba nawasomesha mwenyewe, watatu, pamoja na mtoto wa marehemu dada yangu. Niliacha kuandika siku na saa. Kwenye daftari nina orodha: hesabu, kusoma kwa sauti, sayansi, Kiingereza, insha, jiografia. Tunafuata mstari. Leo tukifanya mawili, kesho tunaanzia la tatu. Zamani nilipoandika "Ijumaa jiografia", Ijumaa tatu mfululizo mzigo ulikuwa mkubwa na jiografia haikusomwa mwezi mzima. Sasa hakuna somo linaloachwa, linangoja zamu.

Siku za giza tunasoma jioni, mambo mepesi. Siku za mbalamwezi niko nyumbani asubuhi, na hapo ndipo naingiza masomo mapya mazito. Mkubwa anamfundisha mdogo kusoma, ila nusu saa tu, sizidishi. Naye ni mtoto, ana haki ya kusoma vyake na kucheza. Hili naomba tuliangalie jamani, binti wa kwanza tunamfanya mama mdogo bila kujua.

Mwalimu mstaafu, Nansio

Mwanangu wa Buswelu, si kila somo ligawanywe kwa umri. Chukua Ziwa Victoria. Wa miaka 4 achore samaki na kutaja majina yao: sato, sangara, dagaa. Wa miaka 8 ataje nchi tatu zinazolizunguka na aandike sentensi tano. Wa miaka 11 apige hesabu: daraja la Kigongo–Busisi lina kilomita 3, mtu anayetembea kilomita 4 kwa saa atalivuka kwa dakika ngapi? Umefundisha mara moja, wamesoma watatu. Vitabu vya kiada vipo bure kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania.

Na uonane mapema na afisa elimu kata. Upimaji wa darasa la nne na mtihani wa kumaliza elimu ya msingi mtoto husajiliwa kupitia shule, usije ukastukia muda umepita.

Mama wa Buswelu

Shikamoo mwalimu. Asanteni wote, narudi baada ya wiki mbili. Afisa elimu kata nimeshaonana naye. Karatasi ya ukutani niliitoa. Naanza na mdogo, kisha somo la pamoja, kisha orodha ya mama wa Igombe. Kila somo likiisha, wote wanakunywa kikombe cha maji, kwa sababu mwenye selimundu hatakiwi kukaukiwa, na wakinywa wote hajioni ametengwa. Somo la kwanza nimelisogeza hadi jua lichomoze vizuri, baridi ya asubuhi inamwamshia maumivu.

Jumanne maumivu yalimbana, tukafunga madaftari, binti akamsomea hadithi kitandani. Zamani siku kama hiyo ingeniharibia wiki nzima. Alhamisi aliamka akauliza mwenyewe, "Mama, tuliishia wapi?" Tuliishia kugawanya kwa 6. Tukaanzia hapo.