Msaada: Kuna mtu anaingia kwangu usiku, mbwa wangu wawili wamekufa. Sheria inaniruhusu nimfanye nini?

Baba Popi (mleta mada)
Wakuu habari za jioni. Naombeni ushauri, tena wa haraka, maana nina wiki sasa silali. Naishi Chanika, kiwanja changu mwenyewe, ishirini kwa thelathini. Nyumba haijaisha, nimehamia hivyo hivyo kukwepa kodi. Sina ukuta, nimezungushia seng'enge kwenye nguzo za miti.

Tangu mwezi wa nane kuna mtu anaingia. Asubuhi nakuta seng'enge imekatwa na nyayo za kandambili kwenye mchanga. Nilikuwa na mbwa wawili, Simba na Popi. Simba alikufa wiki mbili zilizopita, Popi kafa Alhamisi hii. Mama watoto anataka turudi kupanga Tandika.

Swali langu ni moja tu: mtu akiingia kwako usiku, sheria inakuruhusu umfanye nini? Na wenye uzoefu na fensi za umeme mnipe mwongozo.

Siti ya Dirishani
Nimekaa hapa, nasubiri wanasheria.

Mama Kanga
Pole mwanangu. Achana na umeme, fuga kanga. Hapa kwangu Kibaha ninao kumi na wanne. Jani la mwembe likidondoka, mtaa mzima unajua. Mwaka juzi alikuja kijana kuiba pampu ya maji, kanga wakaamsha vurugu, akaruka ukuta akaacha ndala moja ya mguu wa kushoto. Mpaka leo naizuilia mlango wa banda. Shida yao hawachagui, hata mgeni wa heri wanampigia kelele. Mchungaji alikuja kuniombea mara moja, hajarudi.

Mzee wa Vifungu
Mleta mada, soma Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 18 mpaka 18C. Haki ya kujilinda, kumlinda mwingine na kulinda mali yako unayo. Lakini 18B inasema utumie nguvu ya kiasi kinachohitajika tu, ukizidisha unawajibika wewe. 18C inagusa mpaka kusababisha kifo, ila uwe umeamini kwa dhati, tena kwa sababu za msingi, kwamba ilikuwa lazima. Mahakama itataka kujua uliona nini, saa ngapi, alishika nini. Sasa nikuulize: huyo mtu ameiba nini mpaka leo?

Ngosha Asiyepoa
Vifungu vya nini? Huku kwetu mwizi hafiki kituoni. Kiberiti na tairi, basi.

Dada wa Mbagala
Ngosha, mtaani kwetu walimchoma kijana usiku wakisema mwizi. Alikuwa anatafuta nyumba ya shangazi yake, simu imezima chaji. Asubuhi shangazi ndiye aliyeutambua mkanda wa suruali. Usitufundishe tairi hapa.

Baba Popi
@Mzee wa Vifungu asante. Kuiba, kusema kweli, ni ndoo moja tu, na sina uhakika kama haikupeperushwa na upepo. Lakini mtu anakata seng'enge ya mwenzie kila wiki, tena palepale kwenye kona ya nyuma, anatafuta nini?

Mzee wa Vifungu
Palepale kila wiki? Anaingilia kona ya nyuma, anatokea wapi?

Baba Popi
Anatokea mbele, upande wa kisima.

Mzee wa Vifungu
Mkuu, hapo palikuwa na njia?

Baba Popi
Kulikuwa na kauchochoro watu wanapita kwenda kisimani. Lakini mimi nimenunua mwaka 2021, hati ya mauziano ninayo, imepigwa muhuri serikali ya mtaa, na haina maneno ya njia. Kila mtu akipita kwa mwenzie tutafika wapi? Wanaweza kuzungukia barabarani, ni dakika kumi tu.

Mama Kanga
Dakika kumi na ndoo kichwani si dakika kumi, baba.

Siti ya Dirishani
Kumbe mwizi ni njia.

Pugu Mnadani
Mimi nawaza tofauti. Chanika mko jirani na msitu wa Kazimzumbwi. Huenda anayekusumbua ni fungo. Kwangu alimaliza kuku tisa.

Baba Popi
Fungo anavaa kandambili?

Daktari wa Mbuzi
Turudi kwa mbwa, maana hakuna aliyeuliza. Simba alikufaje? Alitoka mate mengi, akatetemeka, akaharisha?

Baba Popi
Ndiyo dokta, vyote hivyo. Nilimnywesha maziwa, hayakusaidia.

Daktari wa Mbuzi
Inaelekea ni sumu, pengine dawa ya kuulia wadudu, imepakwa kwenye nyama. Maziwa si dawa yake, na mbwa anayetetemeka ukimmiminia kitu mdomoni kinaweza kumwingia kwenye mapafu. Wa hivyo mkimbize kwa daktari wa mifugo, ana sindano ya atropini, na kila dakika ina thamani. Siku ukipata mbwa wengine, wazoeze kula kwenye bakuli lao tu na kwa mkono wako tu, tangu wadogo. Na Popi?

Baba Popi
Popi hakutoa mate. Mtoto ndiye aliyemwona asubuhi, kando ya seng'enge kwenye ile kona, amekakamaa, mdomo umeungua kidogo upande mmoja. Nami nahisi ni sumu hiyohiyo.

Fundi Mita
Ngoja kwanza. Mdomo umeungua na nini?

Baba Popi
Wakuu tusitoke nje ya mada. Niliuliza sheria.

Fundi Mita
Mimi ni fundi umeme mwaka wa kumi na saba. Nakuuliza mbele za watu: huo waya una umeme au hauna?

Ngosha Asiyepoa
Duh.

Baba Popi
Sawa. Nilivuta waya kutoka soketi ya sebuleni mpaka kwenye mstari wa chini wa seng'enge. Nawasha saa sita usiku, nazima saa kumi na moja alfajiri. Watoto wanakuwa wamelala, nimewakataza kusogea. Kibao nimeandika HATARI kwa rangi nyekundu. Nilifanya hivyo baada ya Simba kufa, sikuwa na njia nyingine. Sasa mnataka nimsubiri aje na panga? Popi alikuwa anafungwa usiku, sijui ile siku alijifunguaje. Alikuwa na tabia ya kung'ata ule waya akicheza. Msinihukumu, yule mbwa nilimlea kwa chupa.

Fundi Mita
Kachomoe sasa hivi, halafu urudi tuendelee.

Wengine msome na nyinyi. Fensi ya umeme ya kweli ina kiboksi chake, Kariakoo vipo, hata betri ya volti 12 inakiendesha. Kinapiga mpigo mfupi mno, kama mara moja kwa sekunde. Volti ni maelfu, lakini kati ya mpigo na mpigo unapata nafasi ya kutoa mkono. Umeme wa soketi, volti 230, haukupi nafasi hiyo. Ukikushika msuli unakaza, unang'ang'ania kile unachotaka kukiachia. Ndicho kilichompata Popi. Mvua ikinyesha nguzo za miti zinalowa, na mchanga uliolowa ni waya mwingine.

Mzee wa Vifungu
Na ile hoja ya kujilinda imeondoka. Wewe umelala, waya haujui nani mwizi nani mtoto anayefuata mpira. Utamwambia hakimu uliogopa nini wakati ulikuwa unakoroma?

Kamanda Chai
Jamani mnanyweshwa chai ya moto na mnapuliza. Nimepitia mada zake za nyuma humu. Mwezi wa tatu jamaa huyuhuyu aliomba ushauri wa sola, akasema kiwanjani kwake nguzo ya umeme haijafika na hata friji hana. Leo soketi ya sebuleni imetoka wapi? Mbwa hawapo, kandambili hazipo, Chanika yenyewe sijui. Weka picha.

Siti ya Dirishani
Eeeh! Hapo patamu. Na mimi nilishashika tama naomboleza mbwa wa kutunga.

Pugu Mnadani
Nilisema fungo mkanicheka.

Dada wa Mbagala
Hata kama ni chai, Fundi aliyemjibu amefundisha watu. Mimi nimetoka kumpigia kaka yangu, ana waya wa hivyo kwenye banda la kuku.

Baba Popi
Si chai. Nguzo kweli haijafika. Umeme nimevuta kwa jirani, namchangia elfu kumi ya LUKU kila mwezi.

Fundi Mita
Jirani yupi?

Baba Popi
Mzee wa nyuma.

Mzee wa Vifungu
Nyuma, upande wa ile kona?

Baba Popi
Ndiyo. Nahisi wanaokata ni wajukuu zake, wanaingia zamu ya maji alfajiri. Yeye mwenyewe hatujawahi kugombana, tunasalimiana vizuri. Alisema mara moja tu kwamba hiyo njia aliikuta.

Ngosha Asiyepoa
Ndugu yangu, mimi na tairi langu lote sijawahi kufikiria kumuua mtu kwa umeme wake mwenyewe.

Mama Kanga
Mwanangu, futi nne tu kando ya mpaka. Wapimie, weka kageti, kalale.

Baba Popi
Nikiwapa futi nne leo, kesho wanataka sita. Na Simba je, nani aliwapa ruhusa ya kumlisha sumu? Hilo hamlijibu.

Daktari wa Mbuzi
Lina haki ya kujibiwa. Ungemleta Simba siku ileile, pengine tungejua alikula nini, ukaenda na majibu kituoni. Kwa sasa hivi ni ugomvi tu.

Fundi Mita
Umechomoa?

(siku mbili baadaye)

Fundi Mita
Baba Popi, umechomoa?

Baba Popi
Nimechomoa tangu usiku ule. Leo asubuhi mzee amegonga geti, ameshika karatasi ya LUKU. Anasema mwezi huu uniti zimeisha kabla ya tarehe kumi na tano, na usiku mita inakimbia kama kuna mashine ya kusaga, anauliza natumia nini. Amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, ameangalia lile tuta dogo la Popi, akanipa pole ya mbwa. Nimeshindwa. Nimemwambia nimenunua friji.

Kamanda Chai
Sasa akikuomba maji baridi?