Nota mpya za bendi za kupuliza: kweli ziko za aina nyingi, au ni majalada tu yamebadilika?

MLETA MADA

Wadau wa matarumbeta habari zenu. Juzi mwenzangu anayefundisha bendi ya vijana kaniambia siku hizi hakuna mwalimu wa kulalamika hana cha kupiga, kila mwaka wachapishaji wa Marekani, Uholanzi, Ujerumani na Japani wanatoa nota mpya kibao, ukitaka machi ipo, muziki wa filamu upo, wa gemu upo, na wa "Kiafrika" nao upo. Nimelala na hilo neno, leo nalipinga hapa mbele yenu.

Mimi nasema wingi upo, aina ni chache. Wachapishaji wanaweka rekodi unasikiliza bure kabla hujanunua, haya sikiliza ishirini za gredi 3 (gredi ni kiwango cha ugumu wa nota) mfululizo. Inafunguliwa kwa kishindo cha tarumbeta, inashika mwendo wa haraka, katikati inapoa klarineti ziimbe kidogo, haraka inarudi, matoazi, kwisha. Na siyo kwamba watunzi hawajui kazi, ni soko, mnunuzi mkubwa kule ni shule, shule zinaenda mashindanoni na mashindano yana orodha zake, Texas wana orodha rasmi ya nyimbo, Japani kila mwaka wanatoa nyimbo za lazima, sasa mtunzi anayetaka kuuza anaandika kinachoingia kwenye gredi, tarumbeta isipande sana, honi isiachwe peke yake. Holst, mtunzi Mwingereza, kwenye suiti yake ya kwanza ya bendi, 1909, alifungua na tuba na yufoniamu (mdogo wake tuba) tu, bar nane, chini chini kabisa, na mpaka leo watu wanaipiga. Leteni nota ya mwaka huu ya gredi 3 inayothubutu kuanza hivyo.

Hiyo ya "Kiafrika" ndiyo inaniuma zaidi. Jalada lina jua linazama, ndani ni mdundo wa nne kwa nne na djembe moja, ambayo ni ngoma ya Afrika Magharibi. Sindimba haimo, chakacha haimo. Kiswahili chenyewe kimo, Baba Yetu ya Christopher Tin iliyotungwa kwa gemu ya 2005 ikachukua Grammy 2011 imepangwa mpaka kwa bendi za kupuliza, na Umoja ya Valerie Coleman ilianza 1997 kama wimbo wa kwaya ya wanawake, ikapangiwa kundi la wapulizaji watano na baadaye bendi nzima. Nazipenda zote mbili. Ila wote wawili ni Wamarekani, maneno yetu yamefika kwenye nota za dunia na midundo yetu imebaki nyumbani.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Ndugu hapo sikubaliani na wewe. Mimi niko Ujerumani, napiga klarineti kwenye bendi ya mtaa, na utofauti nauona kwa macho. Angalia watunzi wenyewe, mwaka 2019 Omar Thomas alipata tuzo ya Revelli, ile ya Marekani ya utunzi wa bendi, kwa wimbo wake, mtunzi mweusi wa kwanza kuipata katika miaka 42 ya shindano hilo, na ndani ya huo muziki kuna gospo ya kanisani yenyewe, siyo ya kuigiza. Angalia Julie Giroux, ameandikia bendi hadi simfoni. Ukisikiliza gredi 3 tu utasikia gredi 3 tu, panda gredi 5 na 6 uone watu wanavyothubutu.

MCHANGIAJI WA PILI

Dada gredi 6 ataipiga nani huku kwetu? Bendi yangu ina tarumbeta sita, tromboni tatu, tuba moja na saksafoni moja ya kuazima. Seti moja inaweza kuanzia dola 60, naifungua nakuta sauti za obo, basuni, klarineti tatu, nusu ya pesa imeenda kwenye karatasi zisizo na mtu. Kwangu jambo jipya la maana ni zile nota za kunyumbulika, zilivuma 2020 wakati wa corona bendi zilipobaki na watu wachache, sauti tano na ngoma, chombo chochote kinachofika ile sauti kinaipiga. Hiyo ndo aina mpya, mengine mapambo.

MLETA MADA

Asanteni wote. Dada nimekuelewa na Omar Thomas sibishani, ila watoto wetu wengi hawatafika gredi 6, maisha yao yote ya bendi yataishia gredi 2 na 3, sasa kama utofauti uko juu tu basi wao haujawafikia na wao ndio wengi.

Kaka wa saksafoni ya kuazima umesema neno, na mimi naongeza moja. Sisi wa matarumbeta ya Kilutheri tulifundishwa kwa njia ya Wajerumani, tarumbeta ya Bb inasoma sauti halisi kama kinanda. Tulipojaribu seti moja kutoka Marekani, ambako sauti ya tarumbeta huandikwa toni moja juu, tarumbeta zikalia toni nzima juu ya tromboni, kanisani watu wakageuka. Niliandika upya sauti zote kwa mkono usiku mbili. Hata hizo za kunyumbulika nyingi sijaona zinatufikiria.

Na tukumbuke beni, ile ngoma ya bendi ya Waswahili, ilizaliwa hapa hapa pwani, Lamu na Mombasa, miaka ya 1890, watu wakashika matarumbeta wakayatia mdundo wao, ikasambaa mpaka bara. Ile ni aina ya muziki wa bendi ambayo mimi sijawahi kuiona kwenye katalogi yoyote. MuseScore, programu ya kuandika nota, ni bure, basi tujiandikie wenyewe. Nimeanza na wimbo mmoja wa mavuno, sauti nne na ngoma mbili, tarumbeta nimeziandika kwa sauti halisi na pia kwa Bb, toni moja juu kama Wamarekani, ili bendi zote zipige, bado besi ya bar ya kumi na mbili inanisumbua. Mwenye tuba anayejua mwendo wa chakacha aje hapa anisaidie.