Mainjinia mnakera, hivi kuongea lugha ya kueleweka kunawapunguzia mshahara?

Wakuu habari za muda huu, nimekuja na hasira zangu mnivumilie.

Mwaka jana nilimfungia bi mkubwa sola kijijini, ana friza anauza barafu na juisi ya ukwaju na umeme kule unakatika hovyo. Nikatafuta injinia kabisa mwenye digrii, sikutaka fundi wa kubahatisha. Kaja na laptop yake, kafunga betri mbili za volti 12, Ah 200, zile za madini ya risasi, kamaliza akaanza kumpa mama lekcha, inveta KVA 3, DoD asilimia 50 (yaani usitumie zaidi ya nusu ya chaji), sijui nini. Mama akamuuliza swali moja tu: "Mwanangu, hili jagi langu la umeme nitachemshia maji?" Jamaa anajibu "mama, inategemea na lodi profailo."

Lodi profailo!! Yaani vifaa gani vinakula umeme kiasi gani na saa ngapi. Kwa mama wa miaka 64 😡

Mama akaitikia "haya baba" asije kuonekana mshamba. Kesho yake alfajiri kachomeka jagi, inveta haijapiga kelele, maji yamechemka, akajua ndo ruhusa. Ikawa kila siku, chai na maji ya kuoga wajukuu.

Miezi nane betri zimekufa zote mbili. Nampigia jamaa ananiambia mlizidisha dischaji, waranti haipo, mbona nilimweleza bi mkubwa. Ulimweleza nini wewe??

Sasa kilichoniuma, kaja fundi wa pale senta, darasa la saba huyu, kamwambia: "Mama, hizi betri chukulia ni pipa la maji, jua ndo linajaza. Chota ila usivuke nusu, ukilikausha kila siku linaoza. Friza inachota kwa kikombe, jagi linachota kwa ndoo." Mama kaelewa pale pale, na akauliza mwenyewe, pasi je? Fundi akacheka, pasi na jagi ni mtu na mdogo wake.

Na hesabu yenyewe wala sio ya ajabu. 12 mara 200 mara betri mbili ni wati-saa 4800, nusu yake 2400. Jagi la wati 2000 likiwaka jumla nusu saa tu limekula 1000, na hapo friza imekesha inakula usiku kucha na jua halijatoka. Ukizishusha hivyo kila siku zile sahani za risasi mle ndani zinaganda ule weupe, chaji haiingii tena. Hayo nimeyaandika mimi niliyesoma HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), we wa digrii ulishindwa nini?

Na wale wa "mngesoma manyuo" (kitabu cha maelekezo) msije kwenye huu uzi, manyuo yenyewe ilikuwa ya Kichina.