Ligi ya mtaa ipewe makala yake katika Wikipedia?

Mtoa hoja, Kisumu

Wadau, hamjambo. Kamati ya ligi moja ya mtaa hapa Kisumu imeniomba niiandikie makala katika Wikipedia ya Kiswahili, kwa kuwa wanajua mimi huhariri humo kwa kujitolea. Ni ligi ya timu za Manyatta, Nyalenda, Obunga na Bandani. Inachezwa Jumapili katika uwanja wa shule, haimo katika ngazi yoyote ya FKF, shirikisho la soka la Kenya, na bingwa hupewa mbuzi na seti ya jezi. Nimewajibu: bado. Wamenuna. Nalileta kwenu kwa sababu si la ligi hii pekee.

Msimamo wangu nautoa mapema tusije tukazungukana. Kamusi elezo haiandiki jambo kwa sababu ni zuri au linapendwa. Inakusanya yale ambayo watu wasio na maslahi nayo wameshayaandika kwa kina, mahali panapoaminika. Ligi hii haijaandikwa na yeyote ila wenyewe, tena kwenye Facebook yao.

Mkazi wa Obunga

Omera, hiyo ni dharau iliyovaa tai. Jumapili jioni ukija kwetu hupati bodaboda, wote wako uwanjani. Waingereza wana makala ya soka lao la Jumapili. Wana makala ya Hackney Marshes kule London, ambako mafundi bomba wenye vitambi wanapigana mateke matopeni. Wana nini ambacho sisi hatuna?

Mtoa hoja

Wana magazeti, ndugu yangu. Viwanja vya Hackney Marshes vilitengenezwa juu ya kifusi cha nyumba zilizobomolewa kwa mabomu katika Vita Vikuu vya Pili, na soka la Jumapili la Uingereza lina kombe lake la taifa tangu 1964. Miaka yote hiyo magazeti madogo ya mitaani yalichapa matokeo, na nakala zake zimewekwa maktaba. Anayebisha aende akafunue.

Sisi habari zetu ziko redioni. Mtangazaji anasoma matokeo kwa Kidholuo saa moja jioni, watu wanashangilia, na kesho yake hakuna pa kuyapata tena. Taifa Leo ina kurasa za michezo, ila mwandishi aliyeko Kisumu akipewa nafasi ndogo gazetini ataanza na klabu kubwa ya Gor Mahia, na sidhani utamlaumu.

Na hili la vyanzo mnaliona kama urasimu, ila hebu fikirieni linavyofanya kazi. Wikipedia mtu yeyote anaweza kuihariri. Leo ninaandika kwamba bingwa ni Nyalenda. Kesho kijana wa Manyatta anafuta, anaandika Manyatta. Mkabidhi, yaani msimamizi wa Wikipedia, aliyeko Dar es Salaam au Ujerumani anaona mabadiliko hayo. Atamwamini nani? Hajafika Kisumu, hamjui kocha wala refa. Akiwa na gazeti la kutazama, kazi ni ya dakika moja. Asipokuwa nalo, makala inakuwa ya yule mwenye bando nyingi. Wikipedia ya Kiswahili imekuwapo tangu 2003, na bado wanaoilinda kila siku ni wachache mno kukesha wakiamua ugomvi wa Jumapili.

Refa mstaafu, Kakamega

Naunga mkono, lakini kwa sababu nyingine. Kwanza tuondoe hii fikra kwamba kucheza bila kulipwa ndiko kunakozuia makala. Green Commandos, timu ya soka ya Kakamega High, ni watoto wa shule, hawalipwi hata nauli, na magazeti ya taifa yamewaandika miaka nenda miaka rudi. Hao nani atawakatalia?

Ninachoogopa mimi ni waheshimiwa. Uchaguzi ni Agosti 2027. Tayari vijijini huku anayetaka udiwani anaanzisha kombe lenye jina lake, jezi zina picha yake kifuani, fainali anachinja fahali. Kura zikishahesabiwa, uwanja unarudishiwa ng'ombe. Mkiwapa makala wote hao mtakuwa mmewabandikia mabango ya bure. Nimechezesha fainali za aina hiyo. Kipenga cha mwisho hakipulizwi mpaka mheshimiwa afike.

Shabiki wa ndondi, Bondeni, Nakuru

Mimi niko katikati. Mji huu ulimtoa Philip Waruinge: shaba Mexico 1968, pamoja na tuzo ya bondia bora wa mashindano yote, halafu fedha Munich 1972. Bondia wa ridhaa huyo. Mabondia hawaanguki kutoka mbinguni, wanaanzia kwenye kumbi ndogo na mapambano ya mtaa kwa mtaa ambayo hakuna mwandishi aliyeyahudhuria. Kwa kanuni yenu, medali inaandikwa na ukumbi unasahaulika.

Lakini sioni lazima kila ukumbi uwe na makala yake. Makala nyingi za mitaa na kata zetu bado ni mbegu: mistari miwili, iko kaunti gani, basi. Kwa nini hiyo ligi isiingie kwenye makala ya Obunga au Manyatta, aya moja tu? Mtu akitafuta Obunga akute kuna watu wanaoishi na kucheza, siyo takwimu za sensa peke yake.

Mtoa hoja

Dada, hapo umenifungulia njia. Kwa aya moja ndani ya makala ya mtaa, chanzo kimoja kizuri kinatosha, hata kama kimeitaja ligi kwa sentensi mbili. Kwa makala kamili nahitaji vyanzo kadhaa, tena vilivyoizungumzia kwa kina.

Mkazi wa Obunga

Aya moja! Tumekuwa wapangaji kwenye makala ya watu. Nijibu hili basi. MYSA, chama cha michezo cha vijana, ilianza Mathare, Nairobi, 1987, watoto na mipira ya karatasi, timu ikizoa takataka inapewa pointi. Ilikuwa ligi ya mtaa kama yetu. Ikazaa Mathare United, na 2008 ikachukua ligi kuu. Ungewaambia nini mwaka ule wa 1987? Na Koth Biro ya pale Ziwani, Nairobi, mashindano ya mtaa yaliyowapitisha wachezaji wangapi?

Halafu kuna Makmende, yule shujaa wa kubuni wa mtandaoni. Mwaka 2010 Kenya nzima ilikuwa inamtaja, na makala yake kwa Kiingereza ilifutwa mara kadhaa kabla ya kukubaliwa. Wenye kufuta walikuwa hawajui hata Kenya inacheka nini. Hizo kanuni zenu ziliandikwa na nani?

Mtoa hoja

MYSA ningewaambia bado. Wasingepoteza kitu. Walikua kwa kazi yao, waandishi na watafiti wakawafuata, na leo makala yao inasimama yenyewe. Koth Biro ina miongo ya kuandikwa magazetini, hiyo simo kwenye kuipinga.

Makmende ndipo nakupa haki yako. Pale vyanzo vilikuwapo, ila vilikuwa vya Kenya na wahariri wa mbali wakaviona havina uzito. Huo ni upofu, na bado upo. Kesho Taifa Leo ikitoa ukurasa mzima juu ya ligi yenu na mtu aseme gazeti la Kiswahili si chanzo, nitakuwa upande wako mpaka mwisho.

Refa mstaafu, Kakamega

Na sisi wazee tunaokumbuka? Mtu hawezi kuja na simu akaturekodi?

Mtoa hoja

Mzee wangu, jambo hilo lilijaribiwa 2011, India na Afrika Kusini: watu walihojiwa, sauti zikahifadhiwa na kutajwa kama chanzo. Wikipedia haikulifanya kuwa kanuni. Binafsi naona ilikuwa hasara kwa lugha kama zetu, lakini siwezi kuandika leo kwa kanuni ninayoitamani.

Katibu wa kamati ya ligi

Nimesoma yote kimya. Sisi tunazo daftari za kila msimu. Kila mechi ina matokeo, na manahodha wote wawili na refa wametia sahihi. Hizo si chanzo?

Mtoa hoja

Ni kumbukumbu zenu wenyewe, kwa hiyo peke yake hazitoshi. Zina thamani kubwa kwa yule atakayeandika. Zipigeni picha kwanza, kila ukurasa. Kisha mtafuteni mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Maseno anayetafuta mada ya utafiti, au mwandishi wa michezo, mpeni daftari zote na mmwache aandike anachokiona, hata kama kitawaudhi. Maktaba ya taifa, tawi la Kisumu, waulizeni kama wanaweza kuweka nakala. Akishachapisha, niiteni.

Katibu wa kamati ya ligi

Sawa. Daftari la msimu wa pili lilinyeshewa, ila mengine yako.

Mkazi wa Obunga

Huyo mwanafunzi mwambieni kabisa bingwa wa kwanza ni Obunga. Hilo halihitaji chanzo, kila mtu analijua.

Katibu wa kamati ya ligi

Daftari linasema Nyalenda, kwa penalti. Na sahihi ya nahodha wenu ipo.