MREJESHO: HikariCP sasa inaonekana kwenye JMX ya Tomcat

Wakuu, niliuliza namna ya kuifanya HikariCP, inayotunza miunganisho ya hifadhidata, ionekane kwenye JConsole (programu ya kutazama JMX, yaani mfumo wa Java wa kufuatilia na kurekebisha programu inayoendelea kufanya kazi) pamoja na MBean (vitu vinavyoonyeshwa na JMX) za Tomcat, seva inayoendesha programu zangu za wavuti. Imekubali.

HikariCP haijisajili yenyewe: mpangilio wake wa registerMbeans huja ukiwa false (umezimwa). Nilipouweka true, programu ya kwanza ikatokea. Ya pili ikagoma, logi ikisema jina la JMX limeshasajiliwa. Hapa ndipo pa kuangalia kwa makini. Programu zilizo ndani ya Tomcat moja hutumia MBeanServer (daftari la MBean) moja ya JVM, mashine pepe inayoendesha Java, na zangu zote mbili zilibeba poolName (jina la kundi la miunganisho) ileile. Kila moja ikapewa jina lake (msitie nukta mbili ndani, JMX haizitaki) na zote zikaonekana.

Aliyeshauri kufunga HikariDataSource (kifaa cha HikariCP kinachoshika miunganisho) kwenye contextDestroyed (sehemu ya msimbo inayoitwa programu inapozimwa), asante sana. Usipofanya hivyo, ukiiondoa programu na kuiweka upya, jina la zamani bado limekalia nafasi.

Sasa naona ThreadsAwaitingConnection (idadi ya kazi zinazosubiri muunganisho) ikipanda watumiaji wakizidi, na naongeza MaximumPoolSize (kikomo cha miunganisho) papo hapo bila kuzima seva. Nimefurahi mno! Imebaki kuweka nywila kwenye JMX kabla sijairuhusu ifikiwe kutoka mashine nyingine.