MREJESHO: Maji ya bomba kwa mama wa rafiki yangu, eneo la Wanavajo, Arizona

Niliuliza kama serikali ya Marekani ina fedha za kumfikishia maji mama wa mfanyakazi mwenzangu, Mnavajo (mmoja wa wenyeji wa asili wa Marekani), anayeletewa maji kwa pikapu. Asanteni sana kwa majibu.

Fedha zipo. Sheria ya 1959 iliipa idara ya afya ya wenyeji wa asili (IHS) kazi ya kujenga mifumo ya maji na majitaka, na sheria ya miundombinu ya 2021 iliiongezea dola bilioni 3.5, yaani milioni 700 kila mwaka kwa miaka 5. Wizara ya Kilimo nayo ina ruzuku inayoweza kulipia mradi wote kwenye ardhi za makabila.

Kinachochelewesha ni umbali: nyumba zimetawanyika, na bomba la kilomita kadhaa kwa kaya chache hushuka kwenye orodha ya vipaumbele. Hilo linaniuma, maana wazee ndio wanaosubiri. Halafu ruzuku hizi hujenga tu. Umeme wa pampu na mafundi ni juu ya kabila.

Nyumba ya mama imeshapimwa na kuingizwa kwenye orodha, pamoja na tangi la majitaka. Tunasubiri usanifu.